Uchafu wa Mwalimu Januarius

Jumatatu, 8 Julai

Specioza kaondoka na basi la asubuhi kwenda Nyashimo. Binti yetu Mektilda kajifungua, na mama lazima akampikie mzazi uji. Sawa. Mimi nimebaki na nyumba, kuku wanne na tangi la samaki.

Tangi si langu. Wauguzi wenzake walimzawadia alipostaafu, na tangu siku hiyo limekalia pale sebuleni palipokuwa na redio yangu. Samaki sita wa rangi ya chungwa. Mkubwa wao anaitwa Kardinali, kwa sababu ya kofia yake nyekundu. Asubuhi mke wangu anamsalimia Kardinali kwanza, ndipo anisalimie mimi.

Kaniachia masharti mawili. Chakula kidogo, cha kushika kwa vidole viwili. Filta nisiiguse. Kisha ahadi: akirudi Jumapili akakuta samaki wote sita wako hai, chumba cha uani ni changu kwa mradi wa uyoga. Miezi minane nakiomba chumba kile! Kila nikifungua mdomo ananikumbusha miradi yangu ya zamani, kuanzia ule wa kware. Kware walikufa kwa bahati mbaya tu. Na sabuni yangu ya maji ilikuwa nzuri, ila haikutoa povu.

Siku sita. Hata mtoto wa chekechea angeziweza.

Jioni kapita jirani yetu, Mwalimu Januarius. Anafundisha baiolojia, na ana tangi kubwa kuliko letu. Tukasalimiana Kisukuma, mwadila, mwadila, kisha akainama kwenye kioo akasema maji yetu yamefanana na togwa. Kwake, eti, wageni huuliza kama ndani kuna maji. Sikumpa chai.

Jumanne, 9 Julai

Nimefungua filta. Sikuwa na nia mbaya, nilitaka kuona tu.

Mungu wangu! Ndani kuna sponji la kahawia, kimfuko cha mkaa, na pete ndogo ndogo za udongo zinazoteleza kama bamia. Harufu ya lambo la kiangazi. Na maji ya samaki yanapita humo usiku na mchana! Muuguzi mstaafu, jamani. Miaka thelathini kahubiri usafi wodini, nyumbani anafuga matope.

Nikaamua. Akirudi akute maji ya kung'aa, hataishia kunipa chumba tu, ataniomba na radhi ya kware.

Pete nimeziloweka kwenye sabuni ya unga na dawa ya madoa, nikazisugua kwa mswaki wa zamani, nikazianika juani. Nyeupe pe! Sponji nilipolikamua likachanika vipande viwili. Lilikuwa limezeeka, si kosa langu. Mkaa wake niliuona umeshachoka, nikaweka wa jikoni. Maji yakawa meusi kwa saa tatu, kisha yakatulia.

Sponji jipya ni mpaka Mwanza. Nimecheka peke yangu. Mtu yuko Bariadi, msimu wa pamba, aende Mwanza kutafuta kitu cha kuchujia? Nikapanda bodaboda hadi Mwamapalala kwa mdogo wangu Mabula. Pamba imemjaa ndani inasubiri mizani, watoto wanalala juu yake. Kanijazia mfuko bure. Mwaka huu, alisema, kapulizia dawa mara sita, na hakuna funza hata mmoja aliyethubutu kusogelea shamba.

Safi namna hiyo, ndiyo pamba ninayoitaka. Nimeishindilia kwenye filta, mbegu zake sikuzitoa. Zinaipa uzito isielee.

Jumatano, 10 Julai

Yametakata! Kioo na maji huwezi kuvitofautisha. Nimemwita Mwalimu makusudi aje aone mwenyewe.

Kaangalia, kisha kauliza pete nimezifanya nini. Nikamwambia kila fundi ana siri zake. Akaanzisha somo palepale, amesimama. Eti kwenye ule utelezi wanaishi vijidudu visivyoonekana kwa macho, ndivyo vinavyokula sumu ya mkojo wa samaki. Ukiviua, samaki anaogelea ndani ya sumu yake mwenyewe. Wivu nimeuona wa kila namna, lakini huu ni mpya. Nani anafuga vijidudu kwa hiari yake?

Specioza kapiga simu ya video. Nimemwonyesha Kardinali kama yeye alivyonionyesha mjukuu wetu, tukacheka. Kafurahia maji. Ila kauliza kwa nini samaki wote wamekaa juu. Nikasema wanamsalimia.

Alhamisi, 11 Julai

Hawasalimii mtu. Wanahema.

Midomo iko juu ya maji tangu alfajiri. Chakula hawagusi. Kardinali kalala ubavu, anazunguka taratibu kama feni umeme ukipungua. Nimebadilisha ndoo mbili za maji. Nimetia chumvi. Nimesali Salamu Maria tatu, kwa aibu kidogo, maana ni samaki. Hakuna nafuu.

Nikampigia Mabula, nikamuuliza kwa mbali, kama mtu asiye na shida: hivi dawa ya pamba inadhuru nini zaidi ya funza? Alijibu kwa furaha kabisa. Mwaka juzi alisuuzia bomba la kupulizia lamboni, na kambare wote wakaelea tumbo juu. Walikuwa wengi kweli, alisema.

Nikakaa chini sakafuni. Kisha nikainuka nikaing'oa pamba yote kwa pupa, nyingine ikachanika mkononi, mbegu zikazama kwenye changarawe. Zibaki hukohuko. Nani ana muda wa mbegu? Chumba changu kinakufa mbele ya macho yangu!

Ijumaa, 12 Julai

Tulipokuwa wadogo kule Bukundi, moto ukizimika jikoni, mama alinituma kwa jirani na kigae nikaombe kaa la moto. Haikuwa aibu. Leo, mtu mzima, babu wa mtu, nimekwenda kwa jirani na bakuli kuomba uchafu.

Mwadila, nikasema, na kabla hajaitikia nikamwaga yote. Sabuni, dawa ya madoa, mkaa wa jikoni, pamba. Mwalimu hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kanikalisha kwenye kigoda nikasomeshwa saa nzima, mkewe Martha anachambua mchicha na kuitikia kwa niaba yangu. Pete haziguswi na sabuni. Haziguswi hata na maji ya bomba, zinasuuzwa kwa maji ya tangi lenyewe. Na vitu vyote havibadilishwi siku moja. Nikakubali kila neno. Ningekubali hata kubatizwa upya.

Kisha akaja kwetu na ndoo zake za maji yaliyolala, tukabadilisha karibu maji yote. Akaweka mkaa maalumu wa kunyonya dawa. Mwisho akachota nusu ya pete za filta yake, utelezi mtupu, akazifunga kwenye mfuko wa wavu. Nimezipokea kwa mikono miwili.

"Nakuazima tu," alisema. "Zako zikishashika utelezi, baada ya wiki mbili, unirudishie hizi kama zilivyo."

Jumapili, 14 Julai

Wazima! Wote sita! Kardinali kala mara mbili, na nusura aning'ate kidole.

Specioza kashuka kwenye basi saa tisa, hata khanga hajavua, kaenda moja kwa moja kwenye tangi. Kahesabu. Karudia kuhesabu. Nikachukua futi ya kupimia nikaanza kuelekea uani.

Akaniita. Nikamkuta kainama, pua kwenye kioo. Kwenye changarawe, nyuma ya jiwe, kamche. Shina jembamba na vijani viwili. Mwanamke aliyekulia kwenye palizi humdanganyi kwa jani.

"Baba Mektilda," alisema polepole, "nani kalima pamba kwenye tangi langu?"

Nimejieleza mpaka ugali ukapoa. Nikaeleza tena ukiwa wa baridi. Hukumu ikatoka: samaki ni sita na ahadi ni ahadi, lakini mimi haniamini. Atakayesema ni Mwalimu. Siku nitakayomrudishia pete zake, Mwalimu akisema mimi ni mtu wa kukabidhiwa kitu, chumba ni changu. Asiposema, wanahamia kuku.

Jumatatu, 29 Julai

Siku imefika. Wiki mbili nimekaa kimya kama mtawa, na pete zetu sasa zinateleza vizuri.

Asubuhi nimeutoa mfuko wa Mwalimu. Unanuka. Nikauangalia sana. Ni kweli alisema nimrudishie kama zilivyo, lakini huo ni ustaarabu wa mwenye mali. Aliyeazima naye ana wake. Hata mgeni ukimwambia asijisumbue kuleta kitu, akija mikono mitupu unamkumbuka. Mama yangu hakurudisha chungu cha watu kichafu hata siku moja, na hakukirudisha kitupu.

Kwa hiyo nimeziloweka pete zake kwenye sabuni na dawa ya madoa, nikazisugua moja moja, nikazianika. Hata dukani hazikuwa nyeupe hivi. Yeye yuko shuleni, Martha kanifungulia mlango, nimezipanga mwenyewe ndani ya filta yake. Zile alizobaki nazo zilikuwa aibu tupu pembeni ya zangu, nikazisugua nazo palepale uani kwao. Juu nimemtandikia pamba ya Mabula, kama shukrani. Safari hii nimeifua kwanza, mara mbili, maana mimi si mjinga.

Martha kasema maji hajawahi kuyaona hivyo. Samaki wao wote walikuwa wamepanda juu kuniaga.

Mwalimu anatoka shuleni saa kumi. Chumba nimeshakipima: mita tatu kwa nne. Uyoga utaenea.