Bibi Mshambuliaji wa Mashine Kuukuu

Jumatatu, 4 Machi
Jumamosi ya tatu wajukuu zangu mapacha hawakuja. Ya tatu! Wanashinda ghorofa ya nne ya jengo letu hili, kwa bibi yao mwingine, mama wa mke wa mwanangu. Humu daftarini ataitwa Bibi wa Ghorofani, maana jina lake linanikwaruza koo. Kanunua mashine mpya ya gemu la mpira. Mimi ninayo ile kuukuu ya baba yao, inayonguruma kama friji. Wachezaji waliomo, nimeambiwa, wamestaafu wote. Mapacha walisema kwa adabu kwamba gemu langu limezeeka. Nikawauliza, na mimi je? Wakainama kufunga kamba za viatu.

Wake wenzangu hawa mapacha wana miaka kumi tu. Ndio walionifundisha herufi, hapa hapa mezani, nikikosea napigwa konzi. Shule sikuiona. Sasa herufi ninazo zote, na wa kumwonyesha hayupo. Siwaachii hivi hivi!

Jumanne, 5 Machi
Nimekwenda kwa Fundi Antena, yule wa redio chini ya ngazi zetu. Nikamwambia aigeuze mashine yangu iwe mpya. Akasema mashine haigeuki, ila gemu lenyewe linageuzika: unawavua wale wachezaji wa zamani majina na jezi, unawavisha za msimu huu, unachoma diski nyingine, mashine kuukuu inaisoma kama kawaida. Nikauliza, ukiweza kumvisha yeyote, waweza kunivisha mimi? Akacheka mpaka bisibisi ikamdondoka. Nikamsubiri amalize. Sikuwa natania.

Jumatano, 6 Machi
Nimempelekea picha. Ya mapacha, yangu, na ya marehemu mume wangu, awe golikipa. Alizuia kila kitu maishani, hata ndoa za watu. Na ya Bibi wa Ghorofani. Hiyo nimeikata kwenye picha ya harusi bila kumgusa bwana harusi.

Fundi akaeleza kwamba kila mchezaji ana namba zake: mbio, shuti, pumzi. Mwisho ni tisini na tisa. Nikasema sisi wote tisini na tisa. Akauliza, na huyu wa harusini? Moja. Mbio moja, shuti moja, pumzi moja. Akashusha miwani, akasema bibi, huu sasa ni uchokozi. Nikamwambia achome diski, ushauri sikuuagiza.

Ijumaa, 8 Machi
Diski tayari! Nimeijaribu peke yangu. Sura yangu imebandikwa vibaya, jicho moja limesogea sikioni, lakini nakimbia! Kwa magoti haya! Nimefunga mabao kumi na saba. Marehemu hapitishi kitu. Bibi wa Ghorofani alitumia kipindi kizima kuvuka duara la katikati, kisha akaanguka bila kuguswa. Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Nimewatumia mapacha ujumbe. Nimeuandika mwenyewe: NJOONI KESHO MIMI NI NAMBA TISA.

Jumamosi, 9 Machi
Wamefika saa mbili asubuhi, viatu mkononi! Walipojiona kwenye runinga wakapiga ukelele, wakanikumbatia mpaka kilemba kikanivuka. Dakika kumi za peponi.

Kisha wakamwona yule. Alikuwa anaukimbilia mpira uliokwisha kutoka nje zamani. Akaanguka. Mapacha nao wakaanguka zuliani kwa kicheko. Tangu hapo hakuna aliyetaka kuwa mimi. Nikasema, jamani, namba tisa yuko huru! Wakasema namba tisa anafunga tu, anafunga tu, anachosha. Wakagombania kuwa yeye. Kumfikisha langoni ndiyo ikawa kazi ya siku.

Saa sita wakapanda kumwita. Nikajiweka tayari kwa vita. Akaingia, akajiona, akaisogelea runinga. Mara akauliza nani kaifanya kazi hii. Nikasema Fundi. Akasema Fundi wako hajui kitu, goti langu bovu ni la kushoto, hapo naangukia kulia. Akacheka huku kajishika mbavu! Nikampa mto wa mgongoni, maana springi ya sofa yangu inachoma, nami si mnyama.

Akacheza yeye mwenyewe, akijisukuma kwa vitufe vya pedi ya gemu na kujitukana. Saa kumi na moja akafunga bao. Moja! Shuti lilienda polepole hivi, golikipa akaruka mapema, akapishana nalo. Mapacha walilia machozi. Mimi nilijikuta juu ya stuli napiga makofi. Nilipandaje, sijui.

Wakati wa kuondoka mapacha wakatangaza kwamba Jumamosi zote sasa ni hapa kwangu, sote wanne. Ile mashine ya juu, walisema, haina bibi hata mmoja.

Jumapili, 10 Machi
Nimelifikiria jambo hili tangu chai ya asubuhi. Sawa, watakuwa kwangu kila wiki. Lakini wanamcheka nani? Yeye! Sebuleni kwangu, kwenye mashine yangu, kwa picha niliyoikata kwa mkono wangu!

Kesho nitakuwa mlangoni kwa Fundi kabla hajatoa kufuli. Anipunguze pumzi. Anifupishe miguu. Anitie magoti yote mawili mabovu, la kushoto na la kulia. Tuone nani anajua kuanguka.