Shule Yenye Farasi

Balozi alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, povu limemjaa mashavuni, alipomsikia tajiri wa kiti cha pili akilalamika. Tajiri huyo alikuwa na maduka matatu ya saruji na mabati. Kilichomuuma ni jirani yake, muuza matairi, kumpeleka mwanawe sekondari ng'ambo.

"Muuza matairi," alisema, kama anayetaja ugonjwa. "Na binti yangu bado yuko shule ya hapa hapa."

Balozi aliacha kunyolewa shavu moja tu likiwa tayari, akamkaribisha tajiri ofisini kwake. Cheo cha Balozi alijipa mwenyewe. Mpaka wa nchi hakuwahi kuuvuka hata kwa kupotea njia. Lakini alikuwa na ofisi juu ya duka la fundi simu, tai mbili, na shule moja ya ng'ambo aliyoijenga kwa picha za hoteli.

Kesho yake tajiri akaja na mkewe na binti yao wa miaka kumi na sita. Wazazi walikuwa na maswali mazito.

"Theluji ipo?" mke aliuliza.

"Ipo, mama. Tena ya kutosha kupigia picha."

"Na farasi?" tajiri aliuliza. "Mtoto wa muuza matairi hana farasi."

"Kila mwanafunzi na wake, mzee."

Walimu hawakuulizwa. Wala hakuna aliyetaka kujua mtoto akiugua huko nani atakaa naye. Binti tu ndiye aliyekohoa kidogo.

"Shikamoo, mjomba. Maabara ya kemia ikoje?"

"Marahaba, mwanangu. Ni kubwa."

"Na mtihani wa mwisho unatungwa na nani?"

"Na wahusika wenyewe."

"Mwache mjomba wako afanye kazi," baba yake alisema, akarudi kubishana na mkewe kuhusu rangi ya koti la shule.

Binti alisogea mezani na kijitabu cha picha. "Mjomba, bweni hili lina bei za vyumba ukutani," alinong'ona. "Usihangaike. Mimi nataka kusafiri tu. Nipe fomu nikaijaze nyumbani, baba husaini bila kusoma."

Balozi aliguswa. Hakuwahi kukutana na mtoto mwenye malezi mazuri hivyo. Akampa fomu yenye namba ya akaunti yake.

Wiki mbili alikwenda benki kila asubuhi, akatoka mikono mitupu. Wiki ya tatu alifunga tai na kwenda nyumbani kwa tajiri. Sebule ilijaa wageni. Tajiri alimkumbatia, akamshikisha barua ya kukubaliwa shuleni pamoja na risiti ya ada. Jina la shule lilikuwa jingine kabisa, na namba ya akaunti pia haikuwa yake. Balozi aliisogeza barua dirishani, akaukagua mhuri kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake. Mhuri ulikuwa wa kweli.

"Binti ametueleza," tajiri alisema. "Ile ya kwanza ilijaa, ukamtafutia hii."

Binti alimletea glasi ya juisi, akainama karibu na sikio lake. "Mtihani wao nilifaulu tangu mwaka jana, mjomba. Baba alikataa, akasema shule haina hadhi. Niliposema ni wewe uliyeichagua, alilipa siku hiyo hiyo."

Balozi alitaka kupinga. Lakini angelalamika nini, na kwa nani? Kwamba ameibiwa alichokuwa anaiba? Akanywa juisi.

"Jamani, mtu huyu hachukui hata senti," tajiri aliwatangazia wageni. "Ada inakwenda shuleni moja kwa moja. Ndivyo alivyomwambia binti yangu."

Mama mmoja akamshika mkono. "Kwangu unakuja lini? Nina mapacha."

"Njooni ofisini Jumatatu," Balozi alisema kwa sauti ya mtu anayeumwa jino.

Jumatatu wazazi sita walipanda ngazi, wakakuta mlango umefungwa. Fundi simu aliwaambia jamaa aliondoka Jumamosi na begi moja, bila kuaga. Mama wa mapacha akampigia tajiri kumuuliza.

"Msimlaumu," tajiri alijibu kwa huzuni. "Serikali za nje zitakuwa zimemwita. Mtu mwaminifu kama yule, hapa kwetu angekaa na nani?"