Kiti cha Mtoto Ambaye Bado Hajaja

Kwa Mwalimu Mkuu,
Shule ya Chekechea yenye Twiga Ukutani.

YAH: MTOTO WETU KUNYIMWA KITI KWA SABABU HAYUPO

Mwalimu Mkuu mpendwa,

Pokea salamu za mwanamke aliyeolewa juzi juzi, ambaye maua ya harusi yake bado yako kwenye chupa ya maji. Yamekauka, najua, lakini sithubutu kuyatupa.

Mume wangu humjui kwa sura, ila mkono wake unaujua. Yeye ni mchora mabango. Twiga aliye kwenye ukuta wako ni wa kwake, na maneno ANZA MAPEMA juu ya geti ni ya kwake pia. Siku anayaandika mimi nilikuwa chini, nimemshikia ngazi. Alipomaliza herufi ya mwisho aliinama kutoka kule juu, brashi mkononi, akaniuliza kama nitakubali kuwa mke wake. Rangi ya kijani ikanidondokea begani. Blauzi ile sijaifua na sitaifua. Kwa hiyo nikisema kwamba katika nyumba yetu maneno ANZA MAPEMA ni kama kiapo cha ndoa, sitii chumvi. Ni hayo maneno yaliyotufikisha hapa, na sasa naomba unisikilize malalamiko yangu moja baada ya jingine.

1. Mwaka huu wifi yangu alimleta mwanawe kwenye usaili wenu. Nasema usaili, kama wa kuomba kazi benki, ingawa mtoto ana miaka minne na kiatu cha kushoto bado anakivaa kulia. Nyumbani tunamwita Mzee kwa sababu hutembea mikono nyuma. Mwalimu alimwonyesha mpira akamuuliza una rangi gani. Mzee akauzunguka, akaubonyeza kwa kidole, akasema, "Huu hauna upepo. Nani kaukalia?" Baba yake ni fundi baiskeli, na kwao kitu cha mviringo hukaguliwa upepo kwanza, rangi baadaye. Mwalimu akarudia swali. Mzee akamwambia asiwe na wasiwasi, baba ana pampu. Jibu lililorudi ni kwamba mtoto hatambui rangi na hajawa tayari kwa masomo.

Mpira ulikuwa mwekundu, Mwalimu Mkuu. Hilo hatubishi. Na upepo pia haukuwemo.

Wifi alilia getini, chini ya maneno ya mume wangu. Wazazi wenzake wakamfariji kwa ile huruma inayochoma kuliko matusi: "Pole dada, ila na wewe ulichelewa. Mimi wangu nilimwombea nafasi akiwa tumboni." Mwingine akadakia, "Tumboni? Na ukapata?"

2. Jioni ile mimi na mume wangu tulikaa kitako tukatafakari. Ikiwa walio tumboni wameshaanza kusukumana, basi aliyewahi kweli ni yule ambaye hata safari hajaianza. Asubuhi tukavaa nguo zetu za kutokea, tukaja kwenye dirisha la karani wako, tumeshikana mikono.

Karani alituuliza mtoto yuko wapi. Mume wangu akasema, "Yuko njiani." Karani akatazama tumbo langu, akatazama saa ya ukutani, akauliza, "Amefika wapi?" Mume wangu, ambaye hawezi kusema uongo na ndiyo maana nampenda hadi naona haya, akajibu, "Bado hajaondoka."

Tuliambiwa twende tukamlete kwanza, kana kwamba tumemsahau kituo cha basi. Nami nauliza: mtoto huyu kosa lake ni lipi? Hajashindwa swali hata moja. Hajamng'ata mtu, hajajikojolea kwenye zulia la ofisi, hajasema neno lolote kuhusu mpira wa shule. Kati ya watoto wote walioomba, ni wetu peke yake asiye na doa. Mkimkataa huyo, mnamtaka nani?

3. Kabla hatujageuka, karani alituuliza swali la wazazi: kwa nini tunafaa kuwa sehemu ya shule yenu? Mume wangu akasema, "Kwa sababu tunapendana." Karani akasema hilo halina pa kuandikwa.

4. Sasa nafika penye kidonda. Karani, pengine kwa kutuonea huruma, alitupa maelekezo ya kumwandaa mtoto ili siku akija asitutie aibu. La kwanza lilisema nyumbani kizungumzwe Kiingereza peke yake, tangu siku ya kwanza, masikio ya mtoto yasije yakachafuka. Tukakubaliana tuanze siku hiyohiyo, mtoto akifika akute nyumba imeshasafishwa.

Mwalimu Mkuu, sisi wote wawili tumesoma sekondari, na Kiingereza tulifaulu. Lakini tulifundishwa mahali vitu vilipo. Hatukufundishwa kupendana. Mwanamume huyu kabla ya maelekezo yako alikuwa akiingia mlangoni ananiambia, "Umenikaa moyoni kama mwenye nyumba, sina hata pa kukuhamishia." Siku hizi anaingia, anavuta pumzi, anaitafuta sentensi, kisha ananijulisha kwa Kiingereza kwamba kikombe kiko juu ya meza. Namjibu kwamba ni kweli, kiko juu ya meza. Anafikiri, anaongeza kwamba paka yuko chini ya kiti.

Hatuna paka.

Juzi tulitaka kugombana, maana hata wapendanao hugombana, na mimi hupenda vile anavyonibembeleza baadaye. Nikafoka nusu, nikakwama. Yeye akaniomba nisubiri afungue kamusi. Alipolipata neno, hasira zilikuwa zimeshanitoka, na kubembelezwa nikakukosa. Nikamuuliza kama bado ananipenda. Akajibu "Yes," kama mtu anayeitikia jina lake darasani.

5. Dari la chumba chetu alilichora alfabeti nzima, kila herufi na mnyama wake, ili mtoto akifungua macho tu aanze kusoma. Kazi nzuri, sikatai, mkono wake haujawahi kukosea. Lakini kila tukipanda kitandani, mume wangu analala chali anakagua herufi. Mimi namtazama yeye, yeye anamtazama pundamilia. Pembeni ya kitanda, kwenye msumari, inaning'inia sare ndogo niliyoshona mwenyewe kwa kitambaa kilichobaki kwenye mapazia ninayowashonea wateja. Sina hamu hata ya kuitazama.

Sitaingia ndani zaidi, nina aibu zangu. Nitasema hili tu na wewe ni mtu mzima utanielewa: mtoto haanzi kwa paka aliye chini ya kiti.

6. Kwa hiyo tazama tulipofika. Shule inatunyima kiti kwa sababu mtoto hayupo. Mtoto hayupo kwa sababu wazazi hawasemezani. Wazazi hawasemezani kwa sababu wanatii maelekezo ya shule. Mkiendelea hivi, mtakuwa na shule iliyojiandaa kuliko zote na madawati meupe kabisa, maana hakuna atakayezaliwa kuyachafua.

Naomba basi, kwa unyenyekevu wote, mambo yafuatayo. Mtoto wetu apewe kiti, na kutokuwepo kwake kuhesabiwe kuwa ni utulivu. Mimi na mume wangu tupewe kibali chenye muhuri cha kupendana kwa Kiswahili, hata kama ni kuanzia jioni tu baada ya kufunga mapazia. Na mpira ule mwekundu ujazwe upepo. Shemeji yangu, baba yake Mzee, amesema atakuja na pampu yake, hataki chochote, anataka tu mwalimu awepo aone.

La sivyo, tutamchukua mtoto wetu tumpeleke shule nyingine.

Nisalimie karani wako na umwambie sina kinyongo. Nisalimie mlinzi aliyempa wifi yangu kiti chake alipokuwa akilia. Wasalimie walimu wote, na hasa yule wa rangi. Twiga naye mwangalieni, sikio la kushoto limeanza kubanduka.

Wako katika malezi yajayo,
Mke wa Mchora Mabango.

Nyongeza: Barua hii nilichelewa kuituma. Mume wangu aliisoma nyuma ya bega langu, akacheka hadi akashika ukuta, kisha akanigeuza na kuniambia mambo ambayo hayana Kiingereza chake. Kibali chako hatukukisubiri. Wiki iliyopita muuguzi wa zahanati alinikataza kushika ngazi. Kwa hiyo nakusihi, futa yote niliyoandika hapo juu, kuanzia la kwanza hadi la mwisho, na utuwekee kiti karibu na dirisha. Kiingereza tumekirudia tangu tulipotoka zahanati. Paka tumemtafuta, na tunamzoesha kukaa chini ya kiti. Kila jioni tunaweka mikono tumboni na kumwambia mtoto kwamba mpira ni mwekundu. Habari za upepo hatutamgusia.