Mgomo Katika Karakana ya Mke Wangu

Jumatatu, 4 Machi
Nina miaka arobaini na saba na nasomea masuala ya kazi na vyama vya wafanyakazi. Darasani hakuna anayeniweza kwa hoja. Mhadhiri mwenyewe nimemnyamazisha mara mbili. Leo kalipiza: anataka ripoti ya mgogoro halisi wa kazini, nilioushuhudia kwa macho yangu, kabla ya Ijumaa. Mimi nimeshafeli somo lake mara mbili. Nikifeli tena, chuo basi. Mke wangu akasema, bila kuinua macho, kwamba nikifukuzwa nitafanya kazi kwake. Mgogoro! Nitautoa wapi?

Jumanne, 5 Machi
Nimeupata. Karakana ya ushonaji ya mke wangu. Mafundi wanne, dirisha moja, feni mbovu. Unyonyaji mtupu! Alipotoka kununua vifungo nikapanda juu ya meza ya kukatia vitambaa, nikahutubia saa moja na nusu. Fundi mkuu, wanayemwita Shangazi, aliniomba nishuke, nimekanyaga sare za shule. Woga! Nikaendelea.

Jumatano, 6 Machi
Nimehutubia tena. Historia ya cherehani, sehemu ya kwanza. Mafundi wakaanza kunong'onezana. Moto umeshika! Shangazi akauliza, kwa adabu zote, kama ni kweli wakigoma wote bosi hana ujanja. Hana, nikamwambia. Nikawaandikia barua ya madai, nafasi ya madai nikaiacha wazi wajaze wenyewe. Demokrasia.

Alhamisi, 7 Machi
Wamegoma! Saa tatu asubuhi, cherehani zote kimya. Nikakaa pembeni na daftari, kalamu tayari. Dai lilikuwa moja tu.

"Dada, mumeo asikanyage tena humu ndani," Shangazi akasoma. "Tuna sare mia mbili za kumaliza."

"Mngeniambia tangu juzi," mke wangu akasema, akatia saini.

Dakika nne. Nikatolewa nje na daftari langu.

Ijumaa, 8 Machi
Mhadhiri kacheka mpaka kavua miwani. Mgogoro ni halisi, kasema, ila mimi si shahidi, ni chanzo. Sifuri. Chuo basi.

Jumamosi, 9 Machi
Mafundi wamekubali nirudi karakanani kwa sharti nipige pasi na nisifungue mdomo. Joto kali. Kiti hakina mgongo. Halafu ikanijia: sasa na mimi ni mfanyakazi! Saa nne nimeitisha mkutano wa siri wa wapiga pasi wote. Mgomo ni Jumatatu. Hakuna aliyepinga. Tuko mmoja.