Ringi Iliyopigwa Tupa

Mukhisa alizigeuza ringi kuukuu za pistoni juu ya gazeti, akazipuliza rangi ya fedha upande wa pili. Nyuma ya chumba chake cha kupanga pale Kitale, kutu ilikuwa ikibatizwa. Mahindi yalikuwa yamevunwa, na injini za vinu vya posho huko Kamukuywa zilitoa moshi kama kuni mbichi, ringi zake zimekwisha. Mtu mwenye huruma angewapelekea wenye vinu dawa. Mukhisa alikuwa na huruma nyingi.

Alikuwa pia na seti moja halali, iliyopakwa koti ya kromu, ngumu kweli kweli. Hiyo haikuwa ya kuuzwa. Ndiyo iliyokuwa shamba lake na pensheni yake; bila hiyo, hana kazi.

Adhuhuri alisimama sokoni Kamukuywa, pikipiki yake imeshaelekezwa njia ya Kitale.

"Ringi ya kawaida inaliwa kama mandazi. Hii yangu? Tazameni!" Akaisugua ile halali kwa tupa. Tupa ikateleza kama kiatu kwenye tope la Bokoli. "Koti ya kromu, wazee wangu! Zote kwa huu mfuko ni sawa na hii."

Edinah, mwenye kinu, akatoa pesa bila haraka. "Nipe seti."

Mukhisa akachomoa moja mfukoni mle.

"Si hiyo. Nataka ile uliyopiga tupa."

"Mama, hii imeshikwashikwa. Chukua mpya."

"Mimi nikinunua balbu, iliyowaka dukani ndiyo napeleka nyumbani. Ama hazifanani?"

"Zinafanana, mama!"

"Sasa unalia nini?"

Watu wakacheka. Mukhisa akaiachia pensheni yake, kidole kimoja kimoja, na fundi Kevin akaenda kuifunga kwenye injini ya Edinah.

Mnunuzi wa pili, Munene, naye akataka yake ipigwe tupa kwanza. Rangi ikabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Kutu ikasalimia umati.

"Hiyo," Mukhisa akasema kwa upole wa mchungaji, "ni rangi ya kuzuia unyevu safarini. Kromu iko chini."

"Chini wapi?"

"Chini kabisa, bana."

"Sawa." Edinah akachomoa ufunguo wa ile pikipiki. "Keti. Itafute."

Wakamletea msasa na mafuta ya taa. Akasugua alichokipuliza asubuhi, ringi baada ya ringi, huku kinu cha Edinah kikinguruma bila moshi. Jua likashuka, mfuko haujafika nusu.

"Umeipata?" Edinah akauliza.

"Bado, mama. Lakini nahisi iko karibu."

"Pole na kazi. Pikipiki italala kwangu. Kesho uanzie hapo hapo."