Paa la Salvatori

Leo nimeezua nyumba ya mtu. Mchana kweupe, mbele ya mtaa mzima, nimevaa fulana ya klabu iliyoandikwa PREZIDA mgongoni. Nyumba ya mtu ambaye hajanikosea kitu, hajaniomba kitu, wala hanijui vizuri.

Mniache niwasimulie mwenyewe kabla Konsolata hajawasimulia kwa namna yake.

Mnanijua. Mi nilisoma primeri mpaka mwaka wa tatu, basi. Nilianza kwa kuuza misumari ndani ya kikapu pale Nyamugari. Leo niko na duka la mabati na saruji, na nyinyi wenye diploma ndio mlinichagua niwe prezida wa klabu yetu ya huduma. (Sikuwaomba. Mlinyoosha mikono wenyewe.) Na mwaka huu tumefanya kazi, hakuna wa kubisha. Tumepanda miti Bukirasazi. Tumetoa damu, hata Nestori aliyezimia kabla sindano haijamgusa. Tumechoma brosheti za nyama kila mwisho wa mwezi, tukauza, tukala na sisi, tukagombana, tukapatana. Kilichopatikana chote kikanunua mabati ya mjane mmoja wa Muyinga, Mama Esperansi, ambaye wenzetu wa klabu ya kule walituletea habari zake. Hiyo ndiyo kazi ya kufunga mwaka. Leo tumwezekee nyumba, jioni tunywe pamoja na watu wa Muyinga, halafu nimkabidhi Konsolata kiti nikiwa na jina safi.

Jina safi. Haya.

Tumetoka Gitega alfajiri na kamiyo yangu, mabati chini, watu juu ya mabati, nyimbo njia nzima. Tukiwa bado barabarani akanipigia Evaristi, prezida mwenzangu wa Muyinga.

"Muzee Ramazani, mkifika mjini mnisubiri. Nitawapeleka mpaka kwa mama."

"Unipeleke wapi? Mi nilishafika kwake. Nilikaa sebuleni, nikanywa fanta. We shughulika na vinywaji."

"Ndiyo, Muzee, lakini siku ile..."

"Vinywaji, Evaristi! Na viwe baridi!"

Nikakata simu. (Kama kuna mtu anajua dawa ya kurudisha simu iliyokatwa, aniambie.)

Na kweli nilikuwa nimefika. Nilipokuja kuona hali ya mama yule, walinipokea vizuri, wakaniweka kwenye kiti chenye mto, watu wengi wakajaa, nikawasalimia wote kwa mkupuo mmoja, nikatazama juu nikaona sehemu mwanga unapenya, nikasema, "Nimeona. Inatosha." Mi siyo mtu wa kuzunguka nyumba za watu nikichungulia.

Tukaikuta nyumba palepale. Mlango wa kijani. Juu mategura ya zamani, meusi kwa ukungu. (Nyinyi mliokulia Tanzania, mategura ndiyo vigae vya udongo.) Mlangoni kufuli.

Konsolata, makamu wangu, muuguzi, akaitazama ile nyumba muda mrefu kama anamtazama mgonjwa.

"Muzee, mbona hii nyumba siyo mbaya sana?"

"Konsolata, we unajua sindano. Mi najua mapaa."

"Ina pazia la lesi, Muzee."

"Kwa hiyo mjane hana ruhusa ya pazia?"

Hapohapo Nestori, seremala wetu, akaanza na yeye:

"Na kufuli?"

"Ameenda sokoni! Si tulikubaliana asiambiwe siku? Akirudi akute mabati yanawaka juu. Lete ngazi!"

Nikapanda wa kwanza. Umri huu! Nikang'oa tegura la kwanza kwa mikono yangu, nikaliinua juu, nikamwambia Nestori apige picha, halafu nikalirusha chini. Paa! Vipande vipande. Ile picha wote mmeiona. Nimeituma mwenyewe humu kwenye grupu letu, na mkajibu kwa mioyo na makofi, mmoja akaandika "Simba wa Nyamugari". Naomba muifute. Leo hii.

"Rusheni tu!" nikawaambia vijana. "Mavitu ya zamani haya, nani atayataka tena?"

Sasa, mnawajua watu wetu. Ukikuta watu wanafanya kazi kwa jirani yako, huulizi. Unachukua kikapu unaingia. Ndiyo ikibiri, tumezaliwa tumeikuta. Basi majirani wakatokea huku na huku, huyu na ngazi, huyu na ndoo, huyu na wimbo. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mnafanya nini hapo. Nikasema moyoni, watu wa Muyinga wana heshima. Kulikuwa na mama mmoja mwembamba, kitenge kimepauka, anabeba vipande vya mategura kichwani, anakwenda, anarudi, hasemi neno. Nikampigia kelele toka juu:

"Mama, changamka hapo! Vimwage kule nyuma, kwenye kile kibanda cha mbuzi!"

Akaenda akavimwaga. Na koti langu la safari nikamtupia alitundike hukohuko.

Karibu paa lote lilikuwa limeshafunguka pale mzee mmoja, Barnabe, jirani wa upande wa chini, alipokuja na fimbo yake akasimama chini ya ngazi.

"Kumbe Salvatori iko na marafiki wakubwa hivi!"

Salvatori? Nikafikiri haraka. (Hiyo ndiyo shida yangu, nafikiri haraka.) Nyumba ya mjane, jina la mwanaume. Basi huyo atakuwa ni marehemu. Nikavua kofia, nikaiweka kifuani.

"Mungu amlaze pema, Muzee wangu."

"Nani?"

"Salvatori."

Barnabe akabaki mdomo wazi. Fimbo ikamdondoka. Hakuiokota. Akageuka akaondoka mbio, ile mbio ya wazee, mikono mbele. Nikamwambia Nestori, "Unaona? Mpaka leo bado wana uchungu naye."

Haikuchukua muda tukasikia kilio kinapanda kutoka bondeni. Wanawake, mikono kichwani. Wanaume kimya, kofia mkononi. Wakajaa uani, wakatazama nyumba haina paa, wakalia zaidi. Hata yule mama mwembamba akashusha kikapu, akakaa chini, akajifunika uso.

Mi nikafanyaje? Nikaona wameguswa na kazi yetu. Nikasimama juu kabisa, pale kwenye mti wa kati wa paa, nikatoa hotuba. Ndiyo. Nimetoa hotuba.

"Ndugu zangu wa Muyinga, msilie sana! Salvatori ametangulia. Lakini angekuwepo leo, akaiona nyumba yake hivi ilivyo, naapa angefurahi!"

Hapo pikipiki mbili zikaingia uani.

Kwenye ya kwanza alikuwa bwana mfupi, suti ya bluu, ua la harusi kifuani, kipande cha keki ndani ya karatasi. Kwenye ya pili mke wake, amependeza, na mtoto mgongoni. Yule bwana akashuka, akaona watu wanalia, na yeye uso ukabadilika hapohapo.

"Yoo! Nani amefariki?"

Mwanamke wa mbele akapiga ukelele, akakimbia. Barnabe akamnyooshea kidole.

"Wewe."

"Mimi?"

"Tumeambiwa."

"Na nani?"

Uwanja mzima ukanyanyua macho juu. Na yeye akayanyanyua. Akaniona nimesimama, kofia kifuani, mbingu tu nyuma yangu, pale ambapo asubuhi aliacha paa.

"Na huyu babu," akauliza polepole, "anafanya nini juu ya nyumba yangu?"

Jamani. Nimeibiwa, nimefilisika, nimeanza upya mara mbili. Sijawahi kukosa neno. Leo nilikosa hata pa kuweka mguu.

Mke wake ndiye aliyenitambua.

"Salva, si ndiye yule muzee wa fanta! Yule mgeni wa Mama Esperansi!"

"Mama," nikasema toka juu, sauti imebaki nusu, "hapa si kwa Mama Esperansi?"

"Hapa ni kwetu, Muzee. Siku ile tulimwazima sebule. Angekukaribisha wapi? Kwake hakuna kiti."

Na hapo mtu mwenye akili angekuwa ameshajua. Sisi wote tunafanya hivyo! Mgeni akija kwa jirani asiye na kiti, unampa sebule yako na vikombe vyako, unakaa pembeni unatabasamu kama na wewe ni mgeni. Mama yangu mwenyewe aliazima meza mpaka nikaoa. Na mi, muzee mzima, nikanywa fanta kwenye sebule ya kuazimwa, nikaondoka nimeridhika.

"Basi kwake ni wapi?"

Uwanja mzima ukanyoosha kidole mahali pamoja. Nyuma. Kwenye kibanda cha mbuzi.

Hakukuwa na mbuzi. Kulikuwa na kuta fupi za udongo, juu nailoni iliyokandamizwa kwa mawe, na mlango ambao haufunguki, kwa sababu nilikuwa nimeujazia vipande vya mategura. Koti langu lilining'inia pale kwenye msumari wake.

Nikashuka. Sijui nimeshuka vipi.

"Mama Esperansi mwenyewe yuko wapi?"

Konsolata akanishika mkono. Hakunicheka, na hilo ndilo liliniogopesha. "Ni huyu, Muzee."

Yule mama mwembamba. Vumbi la mategura mpaka kwenye nyusi. Mama niliyemwambia achangamke.

"Mama," nikasema, "we uliniona tangu asubuhi."

"Nilikuona, Muzee."

"Mabati uliyaona?"

"Niliyaona."

"Mbona hukusema kitu?"

Akafuta uso kwa kitenge. "Nilifikiri mmebadili mawazo. Nikasema labda wameona Salvatori ana watoto wengi kuliko mimi. Ningesema nini? Ni jirani yangu. Nikachukua kikapu."

Nikakaa juu ya vipande vya mategura. Yaani mtu anaona bahati yake inapita mlangoni inakwenda kwa mwingine, na bado anaibebea mzigo! Mwaka mzima nimevaa fulana ya kujitolea, nimepiga picha mia. Yeye hana fulana.

Na kama vile haijatosha, Evaristi akafika na gari lake, kreti za vinywaji, viti vya plastiki, tai shingoni.

"Hongera, Prezida!" Akatazama huku na huku. "Lakini... mbona mko kwa Salvatori?"

Ngurumo ndiyo iliyomjibu. Wingu jeusi lilikuwa limeshakaa upande wa Kobero, linakuja kwetu.

Salvatori, nasema ukweli, hakunitukana. Ni fundi cherehani, mtu mpole. Angenitukana ningepumua. Alitazama tu ndani mwake, kitanda kinaonekana toka nje, pazia la lesi linapepea bila kazi.

"Muzee, watoto wangu watalala wapi?"

Mategura hayarudi, niliyavunja. Mabati tuliyokuja nayo yanatosha nyumba moja. Nyumba ziko mbili, zote hazina paa, na wa kulaumiwa ni mmoja. Nikamtazama Mama Esperansi. Aibu kuomba, lakini nilimtazama.

"Wekeni kwa Salvatori," akasema. "Mi nimezoea."

Msinikumbushe hilo neno.

Tukapanda wote. Evaristi na tai yake. Barnabe akapewa misumari ashike. Salvatori mwenyewe akaezeka nyumba yake akiwa na suti na ua kifuani, na kila jirani aliyepita alimgusa kwanza mkono, kuhakikisha. Bati la mwisho limegongwa mvua ikiwa tayari inatupiga mgongoni. Tukajibanza sote ndani, vinywaji vikanywewa humo, na keki ya harusi ikagawanywa vipande vidogo kama vidonge. Mama Esperansi tulimtolea vitu vyake kwenye kile kibanda (sitaki tena kukiita cha mbuzi), na leo analala hapa na wanawe.

Nikatoka barazani nikampigia mke wangu.

"Mama Zaina, dukani kumebaki mabati?"

"Hakuna. Mmebeba yote. Iko yale mekundu tu."

"Mekundu yapi?"

"Yako! Ya nyumba yetu mpya. Yale unayafunika blanketi kama mtoto."

Yale mabati niliyasubiri miaka. Mnajua, nimewaonyesha kila mmoja wenu, na wengine mara mbili.

"Yapakie."

"Ya nani?"

"Ya mjane."

"Si umempelekea yake asubuhi?"

"Mama Zaina, yapakie, usiniulize."

Akaniuliza. Nikamwambia. Amecheka mpaka simu ikakatika. Akapiga tena, kumbe alikuwa hajamaliza kucheka.

Basi ndiyo habari yenyewe. Kiti sijakabidhi. Konsolata amekikataa, anasema hachukui kiti chenye deni. Kamiyo imerudi Gitega, inakuja kesho na mabati mekundu. Anayetaka kucheka simkatazi, ila aje acheke akiwa juu ya ngazi, nyundo mkononi. Msumari wa kwanza ataugonga Mama Esperansi mwenyewe, na mi sipandi mpaka nimwone amefungua mlango kwa ufunguo wake mwenyewe, nijue kweli ni kwake.