Wabaya Tisa na Prado Moja

Mbaluka hakwenda sinema kutazama sinema. Kila Jumamosi mchana alisimama nje ya jumba moja la sinema kule Westlands kwa sababu aliyoigundua mwenyewe: mtu akitoka gizani baada ya saa mbili za ngumi na moto, akili yake huwa bado haijarudi, na mtu wa namna hiyo ni mwepesi wa kushawishika. Suti yake ilikuwa imenyooka. Ufunguo wa Prado ulikuwa ukizunguka kidoleni, mahali pa kuonekana na kila mwenye macho.

Siku hiyo alitoka mzee mmoja aliyevaa koti la ngozi, ameshikwa mkono na mjukuu wake wa kike, na amekasirika kwelikweli.

"Wamemuua bure," mzee alikuwa akisema. "Huyo mtu alikuwa na makosa gani? Amejenga mji mzima. Barabara, taa, maghorofa. Halafu vijana wamevaa suruali za kubana wanatoka huko juu wanakuja kumbomolea. Hata hawakuuliza title ya ardhi ni ya nani."

"Guka, huyo ndiye alikuwa mbaya," mjukuu akamwambia babu yake.

"Alikuwa developa."

Mungu humpa kila kiumbe riziki yake kwa njia anayoijua Yeye. Mbaluka alitazama lile koti la ngozi, akaitambua riziki yake mara moja, akaisogelea kwa adabu.

"Mzee, samahani nikiingilia. Hayo maneno umesema ndiyo sisi tumekuwa tukiwaambia watu wa filamu. Mbaya pia ana story yake. Lakini nani anamsikiza?"

Akatoa kadi. Kadi yenyewe ilikuwa na neno moja, "Mkurugenzi", na nambari ya simu. Ni mkurugenzi wa nini, hilo Mbaluka aliliacha liamuliwe siku kwa siku, kulingana na mahitaji ya umma. Siku hii akawa mkurugenzi wa Ulimwengu wa Mashujaa wa Nairobi.

Alieleza pale pale, mjukuu akinyonya soda. Kutakuwa na filamu kumi. Moja ya shujaa, ya kufungulia njia. Zile tisa ni za wabaya, kila mbaya na filamu yake, aeleze upande wake. Na zote zitashikana: akiangukiwa na ukuta huyu katika filamu ya pili, vumbi linamwingia yule machoni katika filamu ya tano.

"Ni kama ukoo, mzee. Ukigusa mmoja umewagusa wote. Ndiyo maana haziwezi kulipiwa moja moja. Ni kwa pamoja ama hakuna."

Mzee, aliyeitwa Waweru na mwenye nyumba za kupangisha huko Kangemi, alifikiri sana. "Mimi siamuangi kitu peke yangu," akasema. "Niko na chama. Tuko watu tisa, wenye plot na biashara. Pesa iko, milioni nne imekaa tu. Lakini lazima uje kikao."

Mbaluka aliomba kuku, akaonyeshwa banda. Wabaya tisa, wanachama tisa. Alirudi kwenye gari lake akipiga mluzi.

Hapa tuseme neno kuhusu gari hilo, kwa maana mambo yote yanalizunguka. Prado ile nyeupe, ya gia za mkono, ndiyo ilikuwa mali pekee ya Mbaluka duniani. Hakuwa na ofisi, shamba wala mke. Alilala katika chumba kimoja Kangemi, mlango wa kumi na saba, kodi akimpa keateka, mtunza nyumba, na gari akilificha kituo cha petroli ili majirani wasimuulize. Lakini akishuka kwenye Prado alikuwa mtu. Askari walimpigia saluti, mabawabu walimfungulia mageti. Mjanja bila gari Nairobi ni mwongo tu anayetembea kwa miguu, na Mbaluka alilipenda gari lile kwa dhati.

Jumamosi iliyofuata, saa nane kamili, aliketi sebuleni kwa Mama Wamucii karibu na Adams Arcade. Mama Wamucii alikuwa katibu wa chama. Alikuwa amefanya kazi ya ukarani mahakamani miaka thelathini na mmoja, akastaafu bila faili hata moja kumpotea isipokuwa yale yaliyotakiwa kupotea. Kulikuwa na chai, nduma, na katiba ya chama ndani ya faili la kijani.

Kikao kilikwenda vizuri kupita kiasi. Waweru alisimama akasema yeye atakuwa Landilodi, na uwezo wake ni kung'oa mlango wa mtu kwa kuutazama tu. Wanachama wakapiga makofi. Inderjit, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapo Adams Arcade, akasafisha miwani yake taratibu.

"Mimi nataka Bwana Saruji," akasema. "Nikigusa mtu anakauka. Halafu mpaka umwagie maji siku saba, asubuhi na jioni, ndiyo ashike vizuri."

"Hiyo ni kali sana, Bwana Inderjit," Mbaluka akasema, akiandika.

"Si kali. Ni kanuni ya saruji."

Mama Wamucii alichagua kuwa Mhuri. Akikupiga mhuri kwenye paji la uso, husogei mpaka faili lako lipatikane. Wengine sita nao walipata wabaya wao, na ubishi ukazuka mmoja tu, wa nani amshinde nani filamu zikikutana. Kuhusu shujaa, hapakuwa na aliyemtaka. Inderjit aliuliza shujaa hulipwa na nani, na nafasi hiyo ikaahirishwa.

"Sasa basi," Mbaluka akasema kwa upole, "hiyo milioni nne ikitoka leo, kamera zinakodishwa Jumatatu."

Mama Wamucii akafungua faili la kijani. "Kifungu cha saba. Anayeleta mradi huwa mwanachama, na huandikisha mali yake kwa jina la chama, iwe dhamana mpaka mradi uanze. Kifungu cha nane. Mwanachama akikosa vikao vitatu, dhamana inabaki kwa chama."

Mbaluka alirudisha kikombe mezani.

"Usijali, Director," Waweru akamwambia. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Hata Inderjit aliweka pickup yake wakati alituletea mradi wa mabati."

"Wakanirudishia," Inderjit akathibitisha.

Mbaluka alipiga hesabu. Gari lingekaa kwa jina la chama siku chache tu, na lingemrudia siku ile ile mradi ukianza. Upande wa pili, milioni nne. Moyo ulimkataza, na moyo wake haukuwa na mazoea ya kusema, kwa hiyo hakuusikiliza. Alitoa simu, akajaza uhamisho wa gari mtandaoni, akabonyeza "kubali" mbele ya mashahidi tisa. Ufunguo wakamwachia, aendelee kuendesha kwa heshima.

"Vizuri," Mama Wamucii akasema. "Bado kamati, kila filamu na yake. Umesema hizi filamu zimeshikana."

"Kabisa. Hiyo ndiyo siri ya kazi yenyewe."

"Basi kamati moja ikikaa leo na nyingine kesho, hii itaamua jambo nyuma ya ile. Landilodi atakufa Jumanne, na Alhamisi bado anamtishia Saruji. Si ni lazima zikae wakati mmoja?"

Mbaluka alifurahi kuona somo limeingia. "Mama, hata ng'ambo hufanya hivyo hivyo."

"Na mkurugenzi ni mwanachama wa kila kamati?"

"Bila mimi haziwezi kushikana."

Mama Wamucii aliandika hilo neno kwa neno, akampa atie sahihi. Mbaluka alitia sahihi yenye mkia mrefu.

Jumamosi ya tatu ujumbe ulimfikia asubuhi. Kamati tisa, filamu tisa, zote saa nane mchana. Tatu Kangemi, tatu Westlands, tatu Adams Arcade. Pesa kutolewa saa kumi na moja, ripoti zote zikifika.

Alianza Westlands. Saa nane na dakika mbili alikuwa ndani ya mkahawa, mbele ya mwanachama mmoja na glasi ya maji ya matunda.

"Wengine wako wapi?"

"Wako kwa kamati zao. Tuko tisa, na kamati ni tisa. Wewe hesabu."

Mbaluka alihesabu, akakimbia. Aliwapigia Kangemi aungane nao kwa video, akaambiwa kifungu cha kumi na mbili kinaruhusu simu kwa wagonjwa pekee, na cheti cha daktari kiletwe. Barabara ya Waiyaki Way ilikuwa imefungamana magari kutoka mwanzo hadi mwisho. Alifika kwa Waweru saa tisa na robo akamkuta mzee anafunga daftari. Alipofika Adams Arcade shati limemganda mgongoni, Inderjit alikuwa amesimama peke yake katikati ya mifuko ya saruji.

"Kikao kimeisha zamani," Inderjit akasema. "Nilijichagua mwenyekiti. Nikajipinga kidogo, halafu nikakubaliana."

Saa kumi na moja chama kizima kiliketi sebuleni kwa Mama Wamucii. Katibu alisoma bila haraka. Mkurugenzi alihudhuria kikao kimoja, akakosa vinane, ambavyo ni vitano zaidi ya vinavyotakiwa na katiba. Hakuna aliyepinga.

"Hii ni wizi," Mbaluka akasema. Sauti ilimtetemeka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake haikuwa kwa makusudi. "Naenda polisi."

"Nenda, mwanangu," Mama Wamucii akamjibu. "Utaanza na jina la studio, halafu anwani ya ofisi."

Mbaluka akarudisha simu mfukoni.

"Anwani naijua mimi," Waweru akasema. "Mlango wa kumi na saba. Hiyo plot ni yangu. Mtu wa chumba kimoja anaficha Prado petroli stesheni, unadhani mwenye nyumba hataambiwa? Nilikufuata Jumamosi tatu kabla ya siku ile, nione unasimama wapi. Hiyo sinema nilinunua tikiti yangu mwenyewe, na ilikuwa mbaya."

"Usijione mjinga sana," Inderjit akamfariji, akimmiminia chai. "Tangi la maji hapo nje lililetwa na mjanja mmoja wa dhahabu bandia. Hivi viti ni vya yule wa mayai ya kware. Yeye alilia. Wewe umejikaza."

Mbaluka aliuweka ufunguo juu ya meza. Ulitulia karibu na sahani ya nduma, naye akautazama kwa uchungu wa mzazi anayemwacha mtoto bwenini. Aliinuka aende zake, lakini katibu alikuwa bado hajafunga faili.

"Kulingana na desturi yetu," akasema, "mwanachama anayetoka ndiye hufunga kwa maombi."

Wote tisa walikuwa wamesimama, wameinamisha vichwa, wakingoja. Mtu anaweza kumkimbia askari, lakini si rahisi kuwaachia wazee maombi hewani. Mbaluka akafumba macho. Aliwaombea afya na safari njema, kama alivyozoea kuwaombea watu wengi kabla ya kuwatapeli. Kisha akaongeza yake.

"Na ile gari, Baba, uilinde. Wakumbushe kuiacha ingurume kidogo asubuhi kabla waitoe. Wakumbushe gia ya pili haitaki nguvu, inataka kubembelezwa, ukisukuma kwa hasira inakataa. Isibebeshwe mchanga. Amina."

"Amina," walisema wote, na wawili watatu walifuta macho.

Mama Wamucii alikuwa tayari ameketi, kalamu mkononi. "Rudia hapo kwa gia ya pili," akasema, "polepole, niandike."

Mbaluka akarudia, polepole.